Kwaya ya Jumatano

Lifti ya mlimani ilimwangusha Gunnvor tena, na safari hii ilimwangusha mbele ya watoto.

Hakuumia. Afadhali angeumia, angalau angepata kisingizio cha kwenda nyumbani. Alikaa pale pale kwenye theluji, mguu wa kushoto umefungwa kwenye bodi ya kutelezea, wa kulia umetupwa huko, huku ile nanga ya lifti, upau unaovutwa na kebo ambao watu huuegemea wapandishwe, ikimpita juu ya kichwa na kwenda zake mlimani bila abiria. Taa za uwanja zilikuwa zimewashwa zote, kwa hiyo hakuna aliyekosa kuona. Watoto wa klabu walimpita wawili wawili, wameegemeza makalio kwenye nanga zao kama watu waliokaa sebuleni. Mmoja, msichana asiye na meno ya mbele, akamwambia kwa upole kwamba siri yake ni kupinda magoti.

Kupinda magoti. Anaambiwa yeye. Mwanamke mzima ambaye hajafanya kingine maisha yake yote ila kupinda magoti, na ni magoti hayo hayo yaliyomleta hapa kuja kudhalilika mbele ya watoto wa watu.

"Asante, mama," Gunnvor akasema, akatambaa pembeni kabla lifti haijaleta wengine.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kwao bondeni watu huteleza kwa mtindo wa telemark, na hilo ndilo jina la mkoa wao, kwa hiyo usitegemee mtu wa kule alizungumzie jambo hili kwa kiasi. Katika telemark kiatu hushikwa kwenye ski, ule ubao mrefu wa kila mguu, upande wa vidole tu, kisigino kiko huru. Unapanda mlima kwa nguvu zako, na ukishuka, kila kona unaipigia goti, mara la kushoto, mara la kulia, mpaka chini. Alpini ni kinyume chake: kisigino kimefungwa, lifti inakupandisha, unashuka, inakupandisha tena. Halafu kuna bodi, ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa kiubavu, ambayo ni ya vijana na ya watu wasio na haya. Baba yake Gunnvor, Mzee Tarjei, seremala mstaafu, alikuwa na jina moja kwa watu wote wa alpini na bodi. Aliwaita mizigo. "Mizigo inapandishwa hiyo," alikuwa akisema kila gari lao lilipopita karibu na uwanja wenye lifti, na baada ya hapo hasemi tena mpaka wafike.

Maana Tarjei haongei. Kila Jumapili huja kula kwa binti yake. Anakula, anafuta mdomo, anasema "Nzuri," anavaa koti lake. Mkewe, Sigrunn, alipokuwa hai ndiye aliyeongea kwa niaba yao wote wawili, na alipofariki nyumba ile ikabaki na mlio wa saa ya ukutani. Gunnvor alijaribu kumdodosa mezani mara nyingi. Aliwahi hata kumuuliza siku aliyozaliwa yeye Gunnvor ilikuwaje. "Ilikuwa Februari," Tarjei akajibu. "Kulikuwa na theluji." Februari, kule kwao, halafu mtu anakwambia kulikuwa na theluji. Kwa jibu kama hilo mtu unaweza kumrushia sahani.

Isipokuwa Pasaka. Jumamosi ya Pasaka, kila mwaka tangu Gunnvor ajue kusimama kwenye ski, wawili hao hupanda mlima ulio nyuma ya kibanda chao, na wakiwa katikati ya kushuka husimama kwenye mwamba mmoja unaotazama jua. Hutandika ngozi, huegemea jiwe, humenya machungwa, huvunja chokoleti, humimina kahawa. Hapo ndipo Tarjei huongea. Huongea saa nzima na zaidi, macho yake kwenye mlima wa pili, taratibu, hata kahawa ikapoa. Pale ndipo alipomsimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyogombana wakaja kupatana kwenye kitanda cha hospitali. Pale ndipo alipomwambia kwamba Sigrunn ni mgonjwa. Mwaka uliofuata, pale pale, alilia, na Gunnvor akamenya chungwa jingine kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Kila alichokijua kuhusu baba yake alikiokota kwenye mwamba ule. Bila mwamba, alikuwa na baba wa "Nzuri" na koti.

Sasa Pasaka iliyopita, chini kidogo ya mwamba, ganda la theluji lilivunjika Gunnvor akiwa katikati ya kona. Ski moja ikazama, mwili ukaendelea na safari, goti likabaki. Kano ikakatika. Akapasuliwa, akatembea na magongo kiangazi chote, akafanya mazoezi ya kupanda ngazi mpaka jirani wa chini akalalamika. Na mwezi wa kwanza daktari wa viungo akamketisha.

"Kuteleza, teleza," akamwambia. "Kupiga goti, basi. Siyo msimu huu wala ujao. Chukua alpini, chukua bodi, au kaa nyumbani ufume soksi."

Gunnvor hakumwambia baba yake. Jumapili ile Tarjei alifuta mdomo, akasema "Nzuri," kisha kwa mshangao wa Gunnvor akaongeza neno.

"Goti?"

"Kama jipya, Baba."

"Basi Pasaka."

"Pasaka."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Ukiwa mgeni ungedhani hawapendani.

Kwa hiyo akaenda Skorvelia, uwanja wa lifti ulio mwendo mzuri wa gari kutoka kwao, ambako hakuna mtu wa kijijini angemwona. Hapo palikuwa na Eivor, aliyesoma naye darasa moja, ambaye sasa alikuwa akikodisha vifaa kwenye banda lililo karibu na mguu wa lifti. Eivor ni wa aina ile ambayo ukimpa siri mdomo wake unafunga kabisa, ila uso wake unakuwa na kazi kubwa.

"Ziko alpini za siku hizi," Eivor alimweleza. "Kisigino kinafunguka ukipanda, unakifunga ukishuka. Ziko na bodi za kupandia mlima, zinapasuka katikati unazivaa kama ski, ukifika juu unaziunganisha. Kwa hiyo mwamba wenu utaufikia na chochote, shosti. Jifunze kwanza kushuka."

"Na yeye akiniona nazo?"

"Atakuona. Kwani ana upofu?"

Gunnvor alijaribu alpini kwanza. Viatu vilikuwa vigumu kama ndoo, vinamlazimisha kusimama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Lakini alipoachia mlima, alishuka. Alishuka vizuri mno. Goti halikusema kitu. Alifika chini uso umemwasha kwa baridi, akajikuta anatabasamu peke yake, na hilo likamkera kuliko kuanguka kokote. Miaka yote ameambiwa kwamba huko ni kubebwa kama gunia, kumbe ni raha, na sasa atamwambia nani?

"Hizo hapana," akasema, akizivua kwa nguvu. "Wenzake Baba wa ujana walihamia alpini mmoja mmoja, na kila mmoja alipohama Baba aliacha kwenda kwake kunywa kahawa. Hizi ataziona ni usaliti. Nipe bodi."

"Na bodi ataiona ni nini?"

"Wazimu. Wazimu mtu anasamehewa."

Eivor akafungua mdomo, akaufunga. Uso wake ulipita kwenye hali kadhaa, kisha akainama kutafuta viatu vya saizi yake.

Ndiyo hivyo akaanza kuja Jumanne na Alhamisi jioni, akitoka kliniki ya meno alikofanya kazi ya usaidizi, kuja kupigwa na bodi. Alianguka kifudifudi, akaanguka chali. Makalio yakawa ya buluu. Kifundo cha mkono kikavimba, ikabidi amdanganye daktari wa meno kwamba aliteleza kwenye ngazi. Kushuka alianza kukuweza kidogo kidogo, ila lifti ilimshinda. Nanga za Skorvelia zimetengenezwa kwa watu wawili wanaotazama mbele. Mtu wa bodi amesimama kiubavu, mguu mmoja umefungwa na mwingine unaelea, na palipo na kale kamteremko kadogo katikati ya njia, nanga inalegea, halafu inavuta ghafla. Hapo ndipo alipoanguka. Kila mara hapo hapo. Angeweza kupaweka jiwe la kumbukumbu.

"Mbona usirudie zile za alpini?" Eivor alimuuliza jioni moja, akimpa barafu ya kuweka kwenye kifundo. "Ulishuka kama umezaliwa nazo."

"Usiniambie tena hilo."

"Nasema tu."

"Basi usiseme. Kwanza nije lini tena? Nataka nije asubuhi moja, labda Jumatano, pakiwa peupe—"

"Jumatano asubuhi usije," Eivor akasema, upesi mno. "Njoo jioni. Jioni pazuri. Taa zinapendeza."

Gunnvor hakulitilia maanani. Alikuwa amechoka, na Jumatano hata hivyo ilikuwa siku ya kazi. Ilikuwa pia siku ya kwaya ya Baba. Tangu mama afariki Tarjei alikuwa ameingia kwaya ya wanaume ya bonde la jirani, mazoezi Jumatano asubuhi hadi mchana, na Gunnvor alifurahi mzee ana pa kwenda. Kwamba mtu asiyeongea anaimba lilimshangaza kidogo, lakini akajiambia kuimba si kuongea, maneno yameshaandikwa na mtu mwingine.

Wiki chache kabla ya Pasaka, Jumatano, daktari wa meno akaamka na homa, kliniki ikafungwa. Jua kali, theluji safi. Gunnvor akapiga hesabu ya jioni zilizobaki, akaona hazitoshi, akawasha gari.

Eivor alipomwona mlangoni aliangusha kiatu.

"Leo hapana," akasema. "Leo theluji mbaya."

"Theluji ni nzuri, nimeipitia."

"Bodi zimeisha."

"Ziko nyuma yako, Eivor. Ukuta mzima."

"Gunnvor, mwenzangu, nisikilize. Mimi nimeahidi watu. Sitaki kesi."

"Watu gani?"

Eivor akainama kuokota kiatu, na Gunnvor akachukua bodi mwenyewe, ile ya kijani aliyoizoea, akatoka nayo. Alikuwa na hasira tayari bila kujua ya nini. Akainama karibu na lifti, akafunga mguu wa kushoto, na akiwa bado ameinama akasikia sauti.

Upande wa jua wa kibanda cha lifti palikuwa na kikundi cha wazee waliovaa vizibao vya njano, ski zao zimechomekwa kwenye theluji, kahawa mikononi. Walikuwa wakicheka cheko lile la watu wanaolijua jambo na bado wanataka kulisikia tena. Aliyekuwa akiwasimulia alimpa Gunnvor mgongo. Alikuwa na kofia ngumu ya bluu na mikono inayoruka huku na huku.

"Mimi niko juu ya paa," mtu huyo alikuwa akisema. "Nasukuma theluji, maana ilikuwa imefika dirishani, paa linalia. Namsikia ananiita kutoka chini, mimi najibu nakuja, nakuja, namalizia upande huu. Ananiita tena. Nasema mwanamke huyu ana nini leo? Kumbe—"

"Redio, punguza sauti," bibi mmoja akamkatiza huku akifuta machozi ya kucheka. "Utatuletea maporomoko ya theluji."

"Mwache Redio amalize, Asbjørg, hapa ndipo patamu."

Gunnvor aliijua ile sauti kabla hajakubali kuijua. Aliijua kutoka kwenye mwamba. Ila ya mwamba ilikuwa ya taratibu, na hii ilikuwa ya mtu anayejitapa. Alitaka kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwenye ubao, na mtu wa hivyo hawezi kuondoka kimyakimya. Anaweza tu kujikokota kama aliyenasa kwenye mtego. Akajikokota hatua mbili, akaanguka kwa kishindo, na wazee wote wakageuka.

Tarjei aligeuka wa mwisho. Alikuwa na kikombe mkononi. Miguuni alikuwa na viatu vya alpini, vigumu, vya kijivu, vilivyochakaa vizuri kwenye kona. Havikuwa vya kukodi.

Walitazamana. Yule bibi Asbjørg akawatazama wote wawili, akawavuta wenzake kwenye mikono, na wazee wale wakaenda kwenye lifti kwa haraka ambayo magoti yao hayakuizoea.

"Kwaya," Gunnvor akasema akiwa chini.

"Huwa tunaimba kidogo," Tarjei akasema. "Kwenye basi."

"Tangu lini?"

Akatafuta pa kuweka kikombe, hakupata. "Tangu kabla mama yako hajaugua. Yeye ndiye aliyeninunulia viatu. Goti langu la kushoto lilikwisha, Gunnvor. Kupiga goti siwezi, nikipiga siinuki."

"Kila Pasaka unapiga."

"Pasaka nakunywa dawa. Mbili asubuhi, mbili pale juu wakati unatazama pembeni."

Gunnvor akajifuta theluji usoni. "Mizigo," akasema. "Mizigo inapandishwa. Nani alikuwa akisema hivyo garini?"

"Mimi. Nilikuwa naona unafurahi nikisema."

"Nafurahi? Mimi nilikuwa nacheka ili uendelee kuongea!" Sauti ilimponyoka, akaishusha. "Baba, mimi nilikatika kano nikikufuata wewe. Nilikuwa nyuma yako. Theluji ilikuwa mbovu, nilijua ni mbovu, lakini wewe ulikuwa unapiga goti mbele yangu na mimi nikasema mzee wa umri ule anaweza, nami niweze."

"Mimi nilikuwa napiga kwa sababu uko nyuma."

Alisema hivyo tu, bila kujitetea, na Gunnvor akatamani kumpiga na ubao. Miaka mingapi watu wawili wazima wanajivunja magoti kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyefungua kinywa kuuliza kama mwenzake anapenda. Kule kwao jambo hili huitwa heshima.

"Nimeambiwa nisipige goti tena," akasema. "Sikukwambia. Nimekuwa nakuja hapa jioni, naanguka kama mlevi, kwa sababu niliogopa nikikuacha wewe na telemark yako utaacha kukaa na mimi pale mwambani. Ni pale tu unapoongea. Nilidhani ni pale tu. Kumbe una hadhira. Kumbe wanakuita Redio."

Tarjei akamwaga kahawa iliyobaki kwenye theluji, akatazama doa lake. Alipoongea tena ilikuwa kwa shida, kama mtu anayeng'oa msumari uliokita.

"Pale mwambani," akasema, "nilikuwa nakaa kwa sababu goti limevimba. Nisingeweza kusimama. Nami sikutaka ulione hilo. Sasa mtu akikaa saa nzima bila kuinuka lazima awe na sababu, na sababu yangu ikawa kuongea. Nikinyamaza ungesema twende."

Hilo lilimwingia vibaya. Kila alichoambiwa pale, ugonjwa wa mama, ugomvi wa nduguye, machozi yale, kumbe kilitoka ili goti lipate kupoa. Alitaka kuuliza kama kulikuwa na hata kidogo alichoambiwa kwa kuwa ni yeye, akaogopa jibu.

"Na hawa je? Hawa unawaambia kwa sababu gani, goti halikuumi hapa."

"Hawa wanauliza."

"Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza siku niliyozaliwa ilikuwaje. Ukaniambia kulikuwa na theluji."

"Uliniuliza mezani," Tarjei akasema, na alikuwa anamaanisha kabisa. "Umekaa mbele yangu, unanitazama usoni. Mtu ataongeaje hivyo? Hapa tunakaa ubavu kwa ubavu kwenye lifti, kila mtu anatazama mbele. Maneno yanakuja yenyewe."

Gunnvor alimtazama, kisha akaacha kumtazama, akageuzia uso mlimani. Nanga zilikuwa zikipanda na kushuka, tupu nyingi.

"Nisaidie niinuke," akasema.

Wakaenda kwenye lifti. Tarjei kwa mwendo wake wa viatu vya ndoo, Gunnvor akisukuma kwa mguu mmoja. Nanga ikaja, ikawakamata wote wawili, yeye kiubavu na baba yake akitazama mbele, mabega yanagongana, ubao unakwaruza ski. Wakaanza kupanda. Tarjei alinyamaza. Akanyamaza mpaka nguzo ya kwanza ikapita, na ya pili, na Gunnvor akahisi ile hasira yake inarudi nzima nzima. Redio kwa Asbjørg, redio kwa kila mzee wa bonde la jirani, na kwa mwanawe imezimwa.

"Ulikuwa juu ya paa," akasema, macho mbele.

"Eh?"

"Ulikuwa juu ya paa. Mama anakuita."

Tarjei akakohoa. "Basi," akasema. "Basi nikashuka. Kumbe ni wewe, unataka kuja, na ulikuwa na wiki mbili bado. Simu haifanyi kazi. Gari lipo lakini njia haipo, theluji imeifunga mpaka kwenye barabara kubwa. Mama yako amesimama jikoni ameshika meza, ananiambia Tarjei, usinitazame hivyo, fanya kitu. Sasa mimi nina nini? Nina ile sleji ya kuni, ya kukokota kwenye theluji. Nikatandika blanketi zote za nyumba, nikamlaza, nikamfunga kwa kamba kama—"

Nanga ikalegea. Ikavuta.

Gunnvor akaruka nje ya njia, akabiringika, akatulia kifudifudi. Alipoinua uso, baba yake alikuwa anaendelea kupanda peke yake, amegeuza shingo, anasema kitu ambacho upepo ulikichukua. Hawezi kushuka katikati, hairuhusiwi. Gunnvor akapiga theluji kwa ngumi.

Akashuka chini, akamngoja. Tarjei akaja, kwa kona nzuri za alpini, wima, hata goti moja halikugusa theluji, na moyoni Gunnvor alikiri kwamba mzee anapendeza. Hakumwambia. Wakapanga foleni, nanga ikawachukua.

"Umemfunga kamba," akasema mara tu walipoanza kusogea.

"Nimemfunga kamba, ananitukana. Mama yako alijua matusi, wewe hukuwahi kuyasikia. Nikavaa ski, nikaifunga sleji kiunoni. Njia ni ya kushuka, unaona, sleji inanisukuma kutoka nyuma, na mimi inabidi niizuie kila kona. Kila kona goti chini, inuka, goti chini, inuka, na yeye nyuma anapiga kelele. Hapo ndipo hili la kushoto lilipoanzia kuharibika. Sikuwahi kumwambia mtu, daktari wala nani, lakini ni siku ile. Sasa tumefika kwenye kona ya kinu, na mama yako ananiambia simama, Tarjei, simama hapo hapo, na mimi naogopa kugeuka—"

Gunnvor alikuwa ameusahau mteremko. Nanga ikalegea, ikavuta, na ubao ukaenda na njia yake.

Safari hii alilala tu, akitazama mbingu. Juu kule mzee wake alikuwa akizidi kuwa mdogo. Kona ya kinu aliijua. Aliipita kila siku akienda kazini, miaka nenda miaka rudi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu kuhusu kona ya kinu. Asbjørg anajua. Wazee wote wa vizibao vya njano wanajua, wamecheka na kulia, na yeye mwenyewe mwenye kuzaliwa amelala kwenye theluji kwa sababu ya kibao cha kijani alichokichagua ili asimuudhi mtu ambaye wala asingeudhika.

Akafungua mguu. Akauchukua ule ubao kwapani akashuka kwa miguu, hatua ndefu, mpaka kwenye banda la Eivor, akausukuma mlango kwa bega.

Eivor alikuwa tayari ameinua mikono. "Aliniapisha," akasema. "Na wewe uliniapisha. Mimi ningefanyaje, nikatwe katikati?"

"Nyamaza, tutagombana baadaye." Gunnvor aliutupa ubao juu ya meza. "Nipe zile za alpini. Zile za siku ile, na viatu."

"Kumbe umeamua."

"Sijaamua chochote. Nataka kitu kisichoanguka kwenye lifti." Alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anavua viatu laini kwa pupa, mkono mmoja umenyooshwa kupokea vigumu. Kupitia dirishani aliona kofia ya bluu imefika chini, imesimama peke yake kwenye foleni, inaangalia huku na huku. "Funga visigino hivyo, Eivor, haraka. Ameniacha kwenye sleji, na bado sijazaliwa."